Mchanga wa Marudio

Hii ukiisikia utasema nimetia chumvi, lakini watu wa Ngokolo wapo, nenda kawaulize. Kuna mwanamke alifukuzwa kwa mumewe kwa sababu ya karatasi mbili, na karatasi zote mbili zilikuwa zinasema kweli. Kweli tupu! Na yule mwanaume aliyeileta karatasi ya kwanza kwa shangwe, akachinja na ng'ombe, ndiye huyohuyo aliyekuja kumwangukia yule mwanamke mavumbini mbele ya baba mkwe. Huamini? Subiri.

Mwanamke anaitwa Nyamizi. Kwao Ushirombo, baba yake mzee Mageni alikuwa katekista pale misheni. Akaolewa Shinyanga mjini, Ngokolo, na Makoye, Msukuma wa Songwa, mrefu, mcheshi, mkono mwepesi kutoa. Walikuwa na binti mmoja, Vumilia, kwa hiyo ilikuwa Mama Vumilia na Baba Vumilia, hata wakigombana, hata wakinuniana wiki nzima.

Sasa kazi ya Makoye uielewe vizuri, maana hadithi yote imekaa humo. Makoye alikuwa mtu wa machimbo, kule Geita, ila hakuwa anashuka shimoni. Wanaoshuka ni vijana, wanaitwa apolo. Apolo wanapandisha mawe, mawe yanapondwa yanakuwa unga, unga unaoshwa kwa maji, dhahabu inanaswa kwa zebaki, biashara imeisha. Ule mchanga unaobaki unamwagwa pembeni, vichuguu na vichuguu. Umeshaoshwa, ukiuchota mkononi huoni hata kipande cha kung'aa. Huo ndio wanauita marudio. Na Makoye ndiye alikuwa anaununua.

Mwanzoni walimcheka. "Makoye ananunua matapishi ya wenzake!" Yeye anauanika, anausaga upya laini kama unga wa sembe, anauosha tena, na dhahabu inatoka. Mchanga uleule ambao mwenyewe kaukataa! Nyumba ya Ngokolo, bati mpya, kabati la vioo, vyote vimetoka kwenye marudio. Na watu wakimuuliza siri, alikuwa na msemo wake mmoja, anausema huku anajipiga kifua:

"Ya kuonekana ni ya watoto. Mimi nalishwa na ile isiyoonekana."

Uweke huo msemo mfukoni. Tutauhitaji.

Mwaka tisini na saba, ile mvua ya El Nino ilipoanza kujaza mashimo maji, Makoye alirudi nyumbani na homa isiyosikia dawa. Suruali zikaanza kumvuka. Mbavuni ukamtoka mkanda wa jeshi, malengelenge kama kamwagiwa maji ya moto. Nyamizi alimshika mkono akampeleka kwa Daktari Mihir, mtoto wa mzee Mansukhlal wa duka la vitambaa. Mihir alikuwa amesoma India akarudi kufungua kijizahanati chake kule sokoni, Mhindi aliyezaliwa palepale Shinyanga, Kiswahili chake ukikisikia gizani utadhani ni Mabula fulani, Msukuma.

Akawapima ukimwi wote wawili. Makoye anao. Nyamizi hana.

Umeelewa? Yeye anao, mke hana. Daktari alirudia kipimo mara mbili, majibu yaleyale. Nyamizi alikaa kwenye lile benchi akaangalia vidole vya miguu yake. Hakumuuliza mumewe kautoa wapi. Nani asiyejua maisha ya machimboni? Alichosema ni hiki:

"Daktari, atakula nini?"

Basi. Mwingine angefungasha vyombo jioni ileile. Yeye kauliza chakula.

Sasa miaka ile dawa hizi hazikuwepo huku kwetu. Ukiambiwa unao, unaambiwa na pole hapohapo. Lakini Daktari Mihir alikuwa na dada yake London, Pinky, na Pinky akawa anatuma vidonge kwa vifurushi, aina tatu, makopo matatu, bei yake usiniulize. Nyamizi ndiye akawa mlinzi. Redio ikisema taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, kidonge. Zikilia zile ngoma za taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kidonge. Makoye akiwa Geita, wanasafiri wote, Nyamizi na redio yake ya mkulima kwapani. Apolo walikuwa wanamtania, "Shemeji, huyu mume ni wako au wa serikali, mbona ratiba kali hivyo?" Anacheka, lakini macho yako kwenye saa.

Na chumbani, kondomu. Daktari alisisitiza, na Nyamizi akasimamia hivyohivyo kama taarifa ya habari.

Makoye akarudi. Mwili ukajaa, sauti ikajaa, matusi yake ya utani yakarudi. Mei mwaka tisini na nane akaenda Nairobi kwa kipimo kile kikubwa cha kuhesabu wadudu kwenye damu, maana huku hakikuwepo. Akarudi na karatasi ya Kiingereza. Daktari Mihir akaisoma, akatabasamu, akasema neno moja. Neno moja tu ndugu yangu, na ndilo lililoua watu.

Akasema, "Havionekani."

"Nini havionekani?"

"Virusi. Mashine imetafuta, havionekani. Dawa inafanya kazi vizuri sana, mzee Makoye. Sasa usije ukaacha hata siku moja, sikiliza..."

Nani asikilize? Makoye alikuwa ameshasimama, anamkumbatia daktari, anambeba juu juu, miwani ya watu inadondoka. Jumamosi yake ng'ombe akaanguka pale Ngokolo. Majirani walikula wakajilamba. Scolastika, dada yake Makoye, aliyekuwa anakaa nao palepale, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Makoye akasimama juu ya kiti na karatasi yake: "Haupo! Nairobi wametafuta na mashine, haupo!"

Nyamizi yuko jikoni na sahani za watu. Akasikia *haupo*. Akajua daktari hakusema hivyo.

Usiku ule ngoma za saa mbili zikalia. Akaleta maji na vidonge.

"Vya nini?" Makoye akamuuliza.

"Baba Vumilia, daktari kasema usiache."

"Klorokwini unakunywa siku ngapi?"

"Tatu."

"Ukipona unaendelea?"

"Hii si malaria."

"Mke wangu, Nairobi wamesema. Au wewe unaijua damu yangu kuliko mashine?"

Wiki nzima Nyamizi aliomba. Alinuna. Aliweka kidonge ndani ya ugali, Makoye akakitema akacheka, akamwita mchawi wa mapenzi. Geita akaanza kwenda peke yake, bila mke wala redio. Halafu akaanza lile lingine. Mtoto. Vumilia ana miaka minane, hana wa kumbeba mgongoni, nyumba kubwa hivi kama kanisa siku ya Jumatatu. Anataka wa kiume. Kondomu zilizokuwa chini ya mto alizichukua zote, akatoka nazo, akazitupa chooni, akarudi anafuta mikono.

Na hapa sitamficha Nyamizi. Kwa pembeni, kidogo, na yeye alitaka kuamini. Mume umemwona mifupa, leo ana mashavu, ananuka sabuni, anakuimbia. Karatasi ina muhuri. Moyo ukamwambia, labda kweli. Labda Nairobi wanajua. Akazima taa.

Mwezi wa saba hakuona siku zake. Makoye akafurahi kuliko siku ya ng'ombe.

Mwezi wa tisa homa ikarudi. Mwezi wa kumi mkanda wa jeshi, safari hii mpaka shingoni. Suruali zilezile alizokuwa amezinenepea zikaanza tena kuteleza. Novemba wakaenda kwa Daktari Mihir, akawapima wote wawili kama mara ya kwanza.

Makoye anao. Na Nyamizi anao.

Daktari alivua miwani. Nyamizi alijishika tumbo, miezi minne na ushee, akauliza, "Na huyu?" Daktari akasema, "Huyu bado hatujui, Mama Vumilia." Makoye yeye alikuwa anaangalia ukutani, kwenye kalenda, anahesabu kimoyomoyo. Walipofika mlangoni kwao ndiyo akafungua mdomo:

"Mimi nilikuwa nimeshapona. Sasa huu umetoka wapi?"

Umeona? Umeona alipofika? Mtu mwenyewe wa marudio!

Kikao kikakaa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Kaka mkubwa wa Makoye, Bujiku, mfugaji, akatoka Songwa na fimbo yake. Akakaa kiti cha mbele. Makoye kajifunika shuka kwenye kochi. Nyamizi chini kwenye mkeka. Scolastika kasimama katikati, karatasi mbili mkononi, kama mwalimu wa zamu.

"Mimi nimeishia la saba," akaanza, "lakini tarehe nazijua kusoma. Hii ya mwezi wa tano. Kaka hana. Hii ya mwezi wa kumi na moja. Kaka anao, na huyu bibie anao. Katikati hapa kaka yuko Geita anahangaika na mchanga. Nani alikuwa anabaki mjini peke yake, tena siku hizi bila redio yake?"

"Wifi," Nyamizi akasema, "mwaka jana tulipimwa. Yeye alikuwa nao, mimi sina. Daktari ni shahidi, muulizeni."

Scolastika akapiga makofi. Kweli, akapiga makofi!

"Ehee! Mmesikia? Mdomo wake mwenyewe! Mwaka jana yeye hana. Mwezi wa tano kaka hana. Nyumba nzima haina, safi, imefagiwa! Sasa huo umeingia kwa miguu ya nani? Umepita dirishani? Nani kakanyaga miwaya huko nje, akatuletea ugonjwa ndani?"

Hebu fikiria. Ushahidi aliokuwa anautegemea, ndio umegeuka kamba. Na ukiangalia, hesabu yao imekaa sawa! Ukishakubali kwamba havionekani ni havipo, basi Nyamizi ni malaya, hakuna njia nyingine, mwalimu yeyote wa hesabu atakupa tiki.

Bujiku alikuwa mtu wa haki kwa kipimo chake. Akasema daktari aitwe. Daktari Mihir akaja na Vespa yake, akapewa soda, hakuigusa.

"Wazee," akasema, "huyu mama hajaleta kitu. Wadudu ni walewale wa mwanzo. Dawa inawakomesha wanaozaliana. Lakini kuna wachache wanajificha ndani ya chembe za mwili, wamelala. Dawa haiwagusi, mashine haiwaoni. Ukiendelea na dawa, hata wakiamka hawafiki mbali. Ukiacha, wanaamka, wanazaliana upya. Hata huko Ulaya wamelijua hili juzi juzi tu."

Bujiku akajikuna kidevu na fimbo.

"Daktari, mimi ni mfugaji. Ng'ombe wangu akilala namwona kalala. Hawa wako wamelala wapi? Ndani ya mtu kuna vitanda?"

Watu wakacheka. Daktari akajaribu kucheka nao.

"Kwenye damu, mzee. Kwenye tezi. Kila mahali."

"Na damu si ndiyo ilikwenda Nairobi?"

"Ndiyo."

"Wakaitafuta na mashine."

"Ndiyo, lakini..."

"Mashine mbovu?"

"Si mbovu, mzee, inaona wale wanaozunguka tu."

"Basi ng'ombe asiyeonekana zizini, na mlango umefungwa, mimi namwita hayupo."

Makoye akajiinua kwenye kochi. "Daktari, swali moja. Siku ile ulisema havionekani, hukusema?"

"Nilisema. Lakini nilikwambia na usiache..."

"Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Wabeja," Makoye akamjibu kwa Kisukuma, asante, na akajilaza tena.

Hapo ndipo Nyamizi akasimama. Mwanamke hasimami kwenye kikao cha ukweni, lakini alisimama. Hakumwangalia Bujiku, hakumwangalia Scolastika. Alimwangalia mumewe tu.

"Baba Vumilia. Marudio ni nini?"

Makoye akamtupia jicho kaka yake.

"Si unajua, ni kazi yako. Marudio ni nini?"

"Mchanga."

"Mchanga gani?"

"Ulioshaoshwa." Sauti ya chini.

"Ukiuangalia unaona dhahabu?"

"Huoni."

"Mwenye shimo kaiona?"

"Hakuiona."

"Ukiuosha tena, dhahabu inatoka?"

"Inatoka."

"Inatoka wapi, Baba Vumilia? Kuna mtu anakuja kuimwaga humo ukiwa umelala? Kuna mke wa mtu anailetaga kwenye upindo wa khanga?"

Na Nyamizi akaona. Hiki alikisema mpaka kesho yake na keshokutwa, kwamba aliona. Macho ya Makoye yalibadilika, kama ya mtu aliyeona sufuria ya moto imeshaanguka na hakuna cha kudaka. Alielewa. Mtu yule alielewa kila kitu pale pale kwenye kochi: kwamba alikuwa nao siku zote, kwamba alipotupa zile kondomu chooni aliitupa na damu ya mkewe. Nyamizi akasubiri aseme.

Makoye akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Mchanga ni mchanga," akasema, "na damu ni damu. Usinichanganyie kazi yangu na uchafu wako."

Ikaisha hivyo. Bujiku akagonga fimbo chini. Nyamizi arudi kwao, mtoto abaki, mtoto ni wa ng'ombe zao za mahari. Vumilia alishikiliwa na shangazi yake Scolastika pale mlangoni, analia "mayu, mayu," mama, mama, na Nyamizi akapanda basi la Ushirombo na mfuko mmoja na tumbo.

Mzee Mageni hakumuuliza binti yake kitu. Alimpa chumba cha nyuma, akamwekea mtungi wa maji. Watu wa Ushirombo wao waliuliza, wewe unawajua watu. Kisimani ndoo zilikuwa zinasogezwa mbali na yake.

Mwezi wa pili mwaka tisini na tisa, Jumapili baada ya misa, pikapu ya duka la Mansukhlal ikasimama uani kwa mzee Mageni. Akashuka Daktari Mihir. Mkononi kopo, kalizungushia kipande cha kitambaa cha dukani kwa baba yake. Alisalimia, "Shikamoo mzee," akaitikiwa, akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyekuja kutubu.

"Mama Vumilia, lile neno nililisema vibaya. Ningesema wamejificha. Ningesema wamejificha, labda tusingefika hapa."

Nyamizi akamwambia, "Daktari, angesikia alichotaka." Lakini hakumwambia *usijali*. Hakutaka kumpunguzia.

Lile kopo ndilo pekee lililobaki katika yale ya Makoye. Alishalilipia kitambo, hakuja kulichukua alipojiona mzima. Daktari akaeleza taratibu, mara mbili, safari hii hakuacha neno lielee hewani: mwaka uliopita wamegundua kwamba mama akinywa dawa hii mwezi wa mwisho, asubuhi na jioni, na siku ya uchungu kila baada ya saa tatu, mtoto ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaliwa bila mdudu. Si hakika. Nafasi.

"Vilivyomo humu vinatosha kamili, havizidi hata kimoja. Usigawe. Utakachokitoa, umemnyang'anya mtoto."

Akampigia hesabu ya tarehe, wakachora mstari kwenye kalenda ya misheni. Jumatano ya katikati ya mwezi wa tatu ndiyo aanze. Nyamizi akalifungia kopo ndani ya sanduku, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari.

Na unajua walikuja lini? Jumatano hiyohiyo! Saa nne asubuhi, ndiyo kwanza amenawa mikono ili ameze, pikapu ya kukodi ikaingia uani.

Akashuka Bujiku. Akashuka Scolastika. Akashuka Vumilia, kazidi kurefuka, gauni la Krismasi. Halafu wakamshusha Makoye. Sweta juani. Miguu kama ya korongo. Wakamkalisha kwenye mkeka, akaegemea tairi, akasema, "Shikamoo baba." Mzee Mageni akaitikia marahaba, akageuza uso, alikuwa anafuta macho.

Vumilia alikuwa ameshakimbia, kamkumbatia mama yake kiunoni. Nyamizi alielewa kwa nini mtoto kaletwa. Mtu anayekuja kuomba haji mikono mitupu.

"Mzee," Bujiku akaanza, fimbo kaiweka chini, "tumekuja kwa heshima. Mgonjwa anaomba dawa yake."

"Dawa yake ipi?"

"Lile kopo. Daktari katwambia liko huku. Mzigo mwingine umeagizwa London, utachukua kama miezi miwili. Kopo hilo, hata akinywa kimoja kwa siku, lingeweza kumshikilia mpaka ufike. Bila hilo..." Akatikisa kichwa. "Na mzee, tuseme ukweli, alililipia mwenyewe."

"Wifi," Scolastika akadakia, na sauti yake ilikuwa laini, sauti ambayo Ngokolo haijawahi kuisikia, "wifi yangu, tuliteleza. Tusamehe. Huyu ni baba wa watoto wako."

Nyamizi alimpita, akamsogelea Makoye, akachuchumaa kwa shida na lile tumbo, wakawa uso kwa uso.

"Baba Vumilia. Ilitoka wapi?"

"Mama Vumilia, hayo yameisha..."

"Hayajaisha. Yako humu yananipiga mateke. Ilitoka wapi?"

Makoye akamwangalia kaka yake. Akamwangalia dada yake. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Ilitoka kwangu."

"Wifi hajasikia."

"Ilitoka kwangu!" Akakohoa mpaka Bujiku akamshika mgongo. "Ilikuwa humu tangu mwanzo. Imelala. Marudio, Mama Vumilia. Marudio yaleyale. Nilijua siku ileile ya kikao, uliponiuliza tu nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje? Ningesema mbele za watu kwamba mimi ndiye nimekuua?"

Scolastika akakaa chini palepale alipokuwa amesimama, kwenye vumbi, na kitenge chake kipya. Bujiku akaokota fimbo, akaitazama, akaiweka tena. Makoye akajivuta kutoka kwenye tairi, akapiga magoti, akashindwa kukaa sawa, akaanguka na viganja. Palepale miguuni kwa mkewe.

Nyamizi akanyanyuka akaingia ndani. Wote walisikia ufunguo, wakasikia sanduku. Akatoka na kopo mkono mmoja, kikombe cha maji mkono mwingine. Scolastika akanyoosha mikono yote miwili, machozi yanamtiririka, "Wabeja, wifi, wabeja sana, Mungu akuzidishie..."

Nyamizi akafungua kopo. Akatoa kidonge kimoja, cheupe, kina mstari wa buluu katikati. Akakiweka kinywani mwake mwenyewe. Akanywa maji yote, mpaka tone la mwisho, taratibu, huku anamwangalia Makoye. Akafunga kopo.

"Nyamizi," mzee Mageni akasema kwa sauti ya kanisani, "mwanangu, huyu ni mtu."

"Na huyu, baba?" Mkono tumboni.

Mzee akainamisha kichwa. Katekista wa miaka thelathini!

"Asante kwa kusema, Baba Vumilia," Nyamizi akasema. "Uende salama. Vumilia, ingia ndani."

Akafunga mlango.

Makoye walimzika Songwa, Alhamisi ya baada ya Pasaka. Kifurushi cha London kilifika mwezi wa tano, Daktari Mihir akakaa nacho mezani wiki nzima hajakifungua. Mtoto alizaliwa Aprili, wa kiume, yuleyule aliyetakwa, sauti mpaka barabarani. Na Ngokolo ikagawanyika vipande viwili mpaka leo. Kuna wanaosema alimwokoa mwanawe. Kuna Scolastika na wenzake wanaosema alimfinya mgonjwa mpaka akatapika ukweli, akamchukulia mtoto, akamnyima dawa aliyoinunua kwa jasho lake, na kwamba hiyo nayo ina jina.

Mtoto alipopimwa alikutwaje? Hilo usiniulize. Siku ile mlangoni hakuna aliyejua, hata daktari, kwa hiyo na wewe jibu kama mtu asiyejua. Kopo liko mkononi mwako. Mtoto yuko tumboni. Mume yuko mavumbini, na ukweli ndiyo kwanza umemtoka mdomoni, umechelewa miezi minne.

Wewe ungefanyaje?